Kwetu Anafumba Mdomo, kwa Jirani Anakula

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisichapishwe. Mama mkwe wangu hasomi bila miwani, lakini ana wajukuu wakubwa wanaomsomea kila kinachoandikwa, na sitaki asikie habari zake kutoka kwao kabla hajazisikia kutoka kwangu.

Nina miaka 29, ninaishi Walukuba hapa Jinja, na ninauza vitenge sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Malaba na Kampala, mara nyingine hadi Juba, kwa hiyo huwa nyumbani siku mbili au tatu tu kila baada ya wiki mbili. Mimi ni mtu wa Arua, yeye ni Msamia wa Busia. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ndicho tunachozungumza na binti yetu wa pekee, ambaye sasa ana miaka 2 na miezi 7.

Mpaka alipofika mwaka mmoja na nusu, mtoto huyu alikula kila alichopewa: matoke na mchuzi wa karanga, parachichi, yai, hata mboga ya nakati pamoja na uchungu wake. Kisha akaanza kukataa, kwanza mboga, baadaye maharagwe, nyama na samaki, mpaka leo ambapo vitu anavyovikubali havizidi vidole vya mkono mmoja. Anakubali chai ya maziwa yenye sukari, mkate, biskuti, bogoya (ndizi mbivu) na chapati, na chapati yenyewe isiwe na doa jeusi la moto, kwa maana akiliona hulinyofoa kwa kucha na kuniwekea kiganjani kana kwamba nimemtilia sumu. Chai anakunywa katika kikombe chake cha plastiki cha mililita 300, asubuhi, saa nne, saa kumi na kabla ya kulala.

Nimempeleka kwenye kituo cha afya. Walimpima wakakuta kilo 11.4, na miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa na kilo 11.1; wakamzungushia ule utepe wa mkononi wa kupimia utapiamlo, ukasoma kijani. Muuguzi alisema hana ugonjwa na kwamba akisikia njaa atakula. Niliporudi na neno hilo nyumbani, mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Mama mkwe alikuja mwezi wa Januari kunisaidia, na kwa haki kabisa amenisaidia sana. Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa moja jioni, kwa hiyo yeye na msichana wa kazi ndio wanaomlisha mtoto. Amelea watoto wanane, na mbinu yake ni ileile aliyoitumia kwao: humlaza mtoto mapajani, humziba pua, na mdomo ukifunguka kutafuta pumzi humwagia uji wa ulezi kwa kiganja. Mtoto hukohoa, hutapika, hulia mpaka sauti inakauka. Nikisema neno ananijibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Siku hizi mtoto akiona bakuli la uji tu, anakimbilia chini ya kitanda.

Na mimi mwenyewe sina mikono safi. Nikirudi jioni nimechoka, nikiambiwa hajala, humpa biskuti za shilingi 500 ili alale na mimi nilale. Baba yake naye akitoka safari huja na soda na mifuko ya biskuti, kwa sababu anataka binti yake amkimbilie mlangoni. Mwezi uliopita nilinunua kwenye duka la dawa chupa ya dawa ya kuleta hamu ya kula. Mtoto alisinzia siku mbili mfululizo na hakula zaidi, nikaitupa. Nimejaribu pia kumwahidi biskuti akimeza vijiko vitatu vya dodo (mchicha), na sasa amejifunza kuhesabu mpaka tatu na kutema.

Jambo moja lilinishangaza. Alhamisi moja mvua ilitawanya soko nikarudi mapema, nikamkuta barazani kwa jirani, amechuchumaa na watoto watatu wa nyumba hiyo kwenye sinia moja la posho (ugali) na mukene (dagaa), mchuzi umemtiririka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anakula, Shangazi, mukene na vichwa vyake! Niliita kwa furaha, "Mama, njoo uone!" na mama mkwe akatoka mbio. Mtoto alitutazama, akaweka tonge chini, akafuta mkono kwenye gauni na hakugusa tena. Jirani alicheka, lakini mimi niliona aibu, kwa kuwa mtaani wameshaanza kusema kwamba namnyima mtoto chakula ili niongeze mtaji. Tangu siku hiyo nimemkataza msichana wa kazi kumwacha mtoto ale huko. Aende kucheza tu. Hata hivyo huwa anatoroka, na wakati mwingine nikimtafuta namkuta nyuma ya nyumba akilamba udongo wa ukuta, ingawa nadhani watoto wote hufanya hivyo.

Sasa mama mkwe anarudi kijijini mwisho wa mwezi kwa ajili ya palizi, na anataka aende na mtoto kwa miezi miwili. Anasema atamrudisha akiwa anakula mpaka mawe. Mume wangu amekubali. Anasema yeye mwenyewe alilelewa kule na hakuna chakula kinachomshinda. Mimi sitaki, lakini sijasema, na kuna usiku ambapo nawaza kwamba miezi miwili bila kubembeleza wala kusikia kilio ingekuwa mapumziko kwangu, kisha najichukia kwa kuwaza hivyo. Nikubali aende naye? Na akibaki, nifanye nini ili ale chakula cha watu?

Mama aliyechoka kubembeleza,
Jinja


Marahaba, mwanangu, na pole kwa uchovu huo, ambao umeueleza vizuri mno kwa mtu aliyechoka.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona mambo mawili yamefungwa kwa kamba moja. La kwanza ni chakula: mtoto wa miaka miwili na nusu na ushei anayekubali vitu vitano na kuvikimbia vingine vyote. La pili ni nani mwenye kauli juu ya mtoto huyo, kati yako wewe uliyemzaa, mama mkwe anayeshinda naye, na baba anayempitia kama mgeni mwenye zawadi. Umeniuliza kama aende kijijini, lakini swali hilo limebeba yote mawili, na nikilijibu kwa ndiyo au hapana nitakuwa nimelishughulikia moja na kulifukia la pili. Tuyafungue taratibu.

Ninyi nyote mnasema mtoto hali. Hebu tupige hesabu pamoja. Tumbo la mtoto mdogo hubeba kwa wakati mmoja takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo tumbo la binti yako linajaa kwenye gramu 340 hivi. Kikombe chake ni mililita 300. Kila anapokimaliza, nafasi iliyobaki ni ya tonge moja au mawili, na vikombe hivyo ni vinne kwa siku, yaani lita 1.2 za maziwa, maji, majani na sukari, kabla hatujagusa biskuti. Muuguzi alikuambia kweli kwamba akisikia njaa atakula. Ambacho hakupata nafasi ya kukuuliza ni katika saa ipi ya siku ya mtoto huyu njaa hupata upenyo wa kuingia. Anakunywa saa nne, mnampakulia saa saba; anakunywa saa kumi, unarudi saa moja na biskuti. Mtoto huyu anakula sana, mwanangu, ila anakula kwa kikombe.

Tena umri wenyewe una mchango wake. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa karibu mara tatu, kisha kasi inashuka ghafla, na mwaka wa pili huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu, na baadaye hata pungufu ya hapo. Mwili unaokua polepole hauombi kama ulivyokuwa ukiomba, na mama aliyezoea bakuli tupu anaona bakuli lililobaki nusu kama msiba. Kipindi hichohicho, mtoto akishajua kutembea na kuokota, huingiwa na hofu ya chakula asichokijua, hasa cha kijani na chenye uchungu. Wataalamu wengi wanaieleza hofu hiyo kama kinga ya zamani inayomzuia mtoto anayetangatanga asitie kila jani mdomoni. Kwa wengi huanza karibu na mwaka wa pili na hulegea kabla ya kuanza shule au miaka michache baadaye. Mwanangu wa kwanza aliishi kwa viazi vitupu miezi saba, na leo ni mtu mzima anayelalamika kwamba nyanya chungu zangu hazina uchungu wa kutosha. Kwa hiyo kama unadhani mtoto wako alibadilika kwa kosa lako, huenda hapakuwa na kosa.

Kuhusu uzito, wasichana wengi wa umri wake wako kati ya kilo 11 na 14 na ushei, na yeye yumo ndani ya mipaka hiyo ingawa yuko upande wa chini. Gramu 300 katika miezi mitatu si nyingi wala si za kutisha. Namba moja haisemi mengi. Kinachosema ni mstari kwenye kadi yake, kwa hiyo apimwe kila mwezi kwa muda sasa, na ukiona mstari umelala miezi miwili au unashuka, au utepe ukitoka kijani na kuingia manjano, usingoje ushauri wa gazeti.

Lakini kuna neno ulilolitaja ukiwa unapita, nami siwezi kulipita. Umesema analamba udongo wa ukuta. Mtoto kuonja udongo mara moja moja ni jambo la kawaida. Mtoto anayeurudia, na ambaye chakula chake kikuu ni chai ya maziwa, anaweza kuwa na upungufu wa madini ya chuma. Maziwa ya ng'ombe yana madini hayo kidogo sana, na tanini iliyomo kwenye majani ya chai huyashika yale yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, mwili usiyapate. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo hupungua, na hapo mnazunguka kwenye duara. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, na Jinja si mgeni wa yote mawili. Rudi kituoni, omba apimwe wingi wa damu, na uwaeleze habari za udongo waziwazi. Angalia pia kwenye kadi kama amepata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ndani ya miezi sita iliyopita. Katika nchi yetu Aprili na Oktoba ndiyo miezi ambayo huduma hizo hutolewa kwa wingi. Ile chupa uliyoitupa, dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la hamu ya kula ni siproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio, na kusinzia ni moja ya tabia zake. Hukumdhuru kwa makusudi, na uliacha mapema.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa naomba uniruhusu nimtetee kidogo kabla sijatofautiana naye. Mwanamke aliyelea watoto wanane katika miaka yake aliona mambo ambayo wewe na mimi tunayasoma tu. Kliniki ya lishe ya Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa sababu watoto wenye utapiamlo, wengine wamevimba miguu na nyuso, walikuwa wengi wodini, na jina lake lenyewe maana yake ni mtoto mwenye afya. Kwa bibi wa kizazi hicho, mtoto anayefumba mdomo ni mtoto aliyeanza kuondoka. Anapombana mjukuu wake mapajani, sidhani anafanya ukatili. Nadhani anapigana na kifo anachokikumbuka. Ukizungumza naye bila kukiona kifo hicho, mtazungumza lugha mbili.

Hata hivyo kuziba pua ni hatari, na katika hili sitazunguka. Mtoto anayevuta pumzi kwa mdomo uliojaa uji anaweza kuuvuta uji huo hadi mapafuni, na kile kikohozi unachokisikia ni mwili wake ukijaribu kuutoa. Watoto hupata nimonia kwa njia hiyo, na wengine hupaliwa wakafa. Ile methali ya samaki ni ya kweli, lakini tuitazame: samaki mbichi akikunjwa polepole hukunjika, akikunjwa kwa nguvu hupasuka. Na binti yako tayari anakunjwa. Anajifunza kila siku kwamba bakuli ni kitu cha kukimbia, na amelijifunza somo hilo vizuri hadi chini ya kitanda.

Ugumu ni kwamba wewe ni mkaza mwana, na katika nyumba zetu mkaza mwana hamfundishi mama mkwe kulisha. Naona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwachia mume wako aseme na mama yake, maana kwake yeye ni mtoto na neno lake halina harufu ya ukaidi. Lakini mume wako anasema alikula kila kitu utotoni, na huenda akarudi upande wa mama kabla hajamaliza sentensi. Unaweza kwenda kituoni pamoja na mama mkwe siku ya kupima damu, na umwombe muuguzi pembeni aeleze habari za uji kuingia mapafuni mbele ya wote, ili neno litoke kwenye kinywa ambacho hana ugomvi nacho; hapo uangalie tu muuguzi asimkaripie, kwa sababu bibi aliyeaibishwa hadharani atakuwa mkali zaidi faraghani. Au unaweza kumpa kazi anayoijua kuliko wewe. Mwulize kama anajua kupika kitobero, yaani matoke au viazi vilivyochanganywa na maharagwe au unga wa karanga au mukene waliosagwa, na mboga ya majani, vikafungwa kwenye jani la mgomba na kuvukizwa. Ndicho chakula ambacho Mwanamugimu imewafundisha akina mama miaka mingi. Anayepika ana heshima yake hata kama hashiki kijiko.

Naomba turudi kwenye ile Alhamisi ya mvua, ambayo kwangu ndiyo moyo wa barua yako. Umeisimulia kama kioja, kisha ukaona aibu, kisha ukamkataza mtoto asile kule. Hebu itazame tena polepole. Hapakuwa na mtu mzima anayemtazama. Hapakuwa na kijiko, wala hesabu ya mpaka tatu, wala zawadi mwishoni. Kulikuwa na watoto watatu wenye mikono ya haraka, sinia ambalo lingekwisha asipowahi, na harufu ya mukene aliyoiona wengine wakiifurahia. Mtoto ambaye kwenu anaogopa doa la chapati alikuwa anatafuna vichwa vya samaki. Kisha ulipopaza sauti, na ilikuwa sauti ya furaha, mkono wake ukasimama. Unadhani alikuona wewe, au alimwona anayekuja mbio nyuma yako? Na hata kama ni wewe tu, je, inawezekana kwamba furaha yetu kubwa mtoto anapokula inamwelemea sawasawa na hasira yetu asipokula?

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, tangu miaka ya 1980 amekuwa akifundisha mgawanyo wa kazi ambao mimi naupenda kwa urahisi wake: mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na mahali gani; mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Nyumbani kwako mgawanyo umepinduka. Mtoto ndiye anayeamua nini na saa ngapi, maana chai na biskuti huja anapotaka, na watu wazima ndio wanaoamua ale kiasi gani, kwa nguvu au kwa rushwa. Ile rushwa ya dodo, nisamehe kwa kuiita hivyo, ina ubaya wake wa kimyakimya: mtoto anaelewa kwamba kitu ambacho ni lazima ulipwe ili ukile lazima kiwe kibaya, na kwamba biskuti ndiyo chakula chenye thamani.

Akibaki Jinja, ukitaka kujaribu kuurudisha mgawanyo huo mahali pake, pa kuanzia pengine ni kikombe na si sahani. Nunua kikombe kidogo cha mililita 150, mpe baada ya chakula badala ya kabla, maziwa yasiyo na majani ya chai na sukari ikipungua wiki kwa wiki, na katikati ya milo apate maji tu. Kwa umri wake, karibu nusu lita ya maziwa kwa siku inamtosha. Weka saa za kula zinazojulikana, milo mitatu na vitafunwa viwili, na kwenye sahani kila mara kiwepo kitu kimoja anachokijua karibu na kimoja anachokiogopa, bila maneno. Anakubali chapati? Siku moja ikunjiwe yai ndani kama zinavyouzwa barabarani. Siku nyingine kando yake kiwepo kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, chenye vitamini A kwa wingi. Au parachichi alipake mwenyewe kwa kidole. Chakula kipya huenda kikahitaji kuonekana na kuonjwa mara 8, 10, hata 15 kabla hakijakubalika, na akina mama wengi hukata tamaa kwenye ya tatu. Karanga nzima, mahindi ya kuchemsha na peremende ngumu ziepuke, kwa kuwa humpalia mtoto. Karanga ziwe za kusaga. Kuna wanaoshauri kuficha unga wa mukene ndani ya chapati. Mimi siupendi sana ufichaji, kwa sababu mtoto anayekagua madoa kwa kucha ataugundua, na hapo utapoteza hata chapati. Mpe kijiko akoroge mwenyewe unga huo kwenye mchuzi wa karanga, ajue kilichomo, na kama hataki kula alichokoroga, iwe hivyo.

Nikuambie pia hatari ya njia hii. Siku tatu au nne za mwanzo zitakuwa mbaya. Atalilia chai, jirani atasikia, na yale maneno ya mtaani yatapata chumvi. Msichana wa kazi, ambaye hakuna aliyemuuliza chochote katika mambo haya, ndiye atakayekuwa naye saa nne asubuhi kilio kinapoanza, na asipoelewa sababu atampa kikombe ili apate kufua nguo zake kwa amani, nami simlaumu. Kaa naye chini kabla hujaanza. Mume wako naye asinyang'anywe furaha ya mlangoni. Mwambie abebe bogoya, embe, au mpira wa shilingi elfu mbili, na aone kama mbio za binti yake zitapungua.

Na kijiji? Nakiri kwamba nilipoanza kuisoma barua nilikuwa tayari kukuambia umzuie, kisha nikajizuia mimi. Kijijini kuna binamu wengi, sinia moja, na duka la biskuti liko mbali, yaani kuna karibu kila kitu kilichokuwepo kwenye baraza la jirani. Yawezekana akala. Lakini mikono itakayomlisha ni ileile, na huko hutakuwepo kuisikia sauti ikikauka. Mtoto wa umri huu akitenganishwa na mama yake kwa miezi miwili, wengine hula kidogo zaidi kwa huzuni, wengine hurudi wakiwa wamemsahau mama kwa muda, na mama hilo humuuma kuliko njaa. Tena akirudi, vile vikombe vinne vitakuwa bado vinamngoja kwenye kabati lako. Kati ya kwenda miezi miwili na kutokwenda kabisa kuna njia nyingine pia: kwenda naye wewe mwenyewe kwa wiki moja soko likiwa baridi, ukaona anavyokula kule na nani anamlisha vipi, au mama mkwe akatangulia kwenye palizi na mtoto akafuata baada ya majibu ya damu na mwezi mmoja wa kikombe kidogo. Unaweza pia kuliweka sharti lako moja mbele yao wote, kwamba popote atakapolala mtoto huyu hatazibwa pua, kisha uone ni nani anayelipokea. Jibu lao kwa sharti hilo linaweza kukusaidia kuamua kuliko ushauri wangu.

Kuhusu usiku unapowaza mapumziko, usijichukie. Umeamka saa kumi na moja, umesimama kwenye vitenge siku nzima, umerudi kwenye kilio, na mwenzako yuko Juba. Jiulize tu unataka kupumzika na nini hasa: na mtoto, au na macho ya watu wanaokutazama ukimlisha? Kama ni la pili, kumpeleka mtoto Busia kutayaondoa macho hayo kwa muda gani?

Kabla mwisho wa mwezi haujafika, naomba ujaribu jambo moja dogo. Jumapili moja, mwombe jirani radhi kwa ile katazo, upeleke mukene wako na unga wako, na mpike pamoja. Watoto wakiletewa sinia barazani, chukua sahani yako ukae nao, ule kwa mkono, uzungumze na jirani habari za bei ya vitenge, na usimtazame binti yako hata mara moja. Akila au asipokula, usimwite mtu. Kisha niandikie uniambie ilichukua muda gani mpaka mkono wake ukaingia kwenye sinia.

Shangazi